Shajara ya mradi: kuhesabu na kurekodi vimondo, Arusha na Moshi

Wiki ya 1. Lengo, na neno lenyewe

Mradi una kazi mbili. Ya kwanza ni kuhesabu vimondo kwa macho na kutoa rekodi inayofaa kutumwa IMO, yaani International Meteor Organization, shirika la watazamaji wa vimondo lililoanzishwa mwaka 1988. Ya pili ni kusimamisha kamera moja Arusha na nyingine Moshi, ili kimondo kilekile kionekane kutoka sehemu mbili na njia yake ipimwe kwa kilomita.

Kabla ya vifaa, tukubaliane juu ya neno. Tanzania ukitaja kimondo, wengi huwaza lile pande la chuma la Mbozi, linalokadiriwa kuwa na tani 16. Humu shajarani kimondo ni ule mwanga: punje, mara nyingi ya ukubwa wa mchanga au kokoto, inayoingia angahewani kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde na kuwaka kati ya kimo cha kilomita 120 na 80 hivi. Kinachofika chini tunakiita jiwe la kimondo. Nchi hii ina jiwe jingine lisilotajwa sana, la Ivuna, lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938. Ni kama gramu 700 tu, lakini ni la kundi la CI, ambalo mawe yake ni adimu sana duniani. Kwa wanaosoma kemia ya mawe haya, gramu hizo zina uzito kuliko tani za Mbozi. Tunalitaja kwa sababu kamera mbili zikinasa mpira wa moto, yaani kimondo angavu sana, kutoka pande mbili, eneo la kutafuta jiwe linapungua kutoka wilaya nzima hadi mashamba machache.

Kwa nini hapa? Arusha na Moshi ziko nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Karibu kila mvua ya vimondo, yaani vimondo vingi vya chanzo kimoja katika siku zilezile za mwaka, iwe ya kaskazini au ya kusini, chimbuko lake linapanda juu ya upeo wetu. Chimbuko ni ile sehemu ya anga ambako njia za vimondo vya mvua moja hukutana ukizirudisha nyuma, kama pande mbili za barabara iliyonyooka zinavyoonekana kukutana mbali. Punje zenyewe zinasafiri sambamba. Kukutana ni macho tu.

Kizuizi ni milima. Ukiwa katikati ya Arusha, kilele cha Meru (mita 4,566) kinaziba anga hadi nyuzi 11 au 12 upande wa kaskazini-mashariki. Moshi, Kibo inaziba kama nyuzi 9 upande wa kaskazini. Si hasara kubwa, maana anga ya chini ya nyuzi 20 haifai kuhesabia hata hivyo.

Wiki ya 2. Saa

Wiki nzima imekwenda kwenye saa, na haikupotea. Kosa la kukadiria mwangaza linaweza kurekebishwa kwa kulinganisha watazamaji wawili. Kosa la saa halina dawa.

Rekodi zote za kimataifa hutumia UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtego wetu ni wa ziada: kichwani tunahesabu saa za Kiswahili, kwenye simu tunaona 02:00, kwenye fomu inatakiwa 23:00, na tarehe nayo ni ya jana. Kanuni tuliyobandika juu ya kila fomu ni hii: kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, chukua saa ya Kiswahili, ongeza 15; jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa nane usiku inakuwa 23:00 UTC. Saa kumi na moja alfajiri inakuwa 26, toa 24, ni 02:00 UTC. Tarehe ya UTC inabadilika saa tisa usiku kamili, si saa sita.

Na "usiku wa Ijumaa" ni upi? Kwa mtu aliyekulia Pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa mwingine ni usiku unaofuata Ijumaa mchana. Fomu mbili za usiku mmoja zinaweza kupishana siku nzima kwa sababu hiyo, na hakuna mwandishi aliyekosea. Kwa hiyo jina la siku halitumiki popote. Tunaandika tarehe mbili: 12/13 Agosti.

Saa ya simu inayojirekebisha kwa mtandao inatosha kwa kazi ya macho, ambayo inahitaji usahihi wa dakika moja. Hakikisha tu kwamba mpangilio wa kujirekebisha umewashwa. Simu iliyowekwa saa kwa mkono inaweza kuwa mbele dakika nne bila mwenye simu kujua.

Wiki ya 3. Mahali na hali ya anga

Juni hadi Agosti ni kiangazi, lakini mgeni asidanganyike. Miezi hii mawingu mazito ya chini hukaa upande wa kusini na mashariki wa Meru na Kilimanjaro, hasa usiku wa manane hadi asubuhi, saa zilezile tunazozihitaji. Ukielekea magharibi, Kisongo na kuendelea hadi Makuyuni, au ukienda kwenye tambarare za Sanya kati ya milima miwili, anga hufunguka zaidi. Moshi kusini kuna giza zuri, ila msimu wa kuchoma mashamba ya miwa moshi wake hufuta nyota za chini.

Kigezo cha eneo ni vitu vitatu: anga wazi kuanzia nyuzi 30 kwenda juu, taa yoyote isionekane moja kwa moja, na mwenye eneo ajue mpo. Hilo la tatu si adabu tu. Kundi la watu wanaolala chali shambani saa nane usiku wakiwa na tochi nyekundu linahitaji maelezo mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa walinzi wa jirani. Ukivuka Monduli uliza pia kuhusu wanyama.

Ubora wa anga hupimwa kwa daraja la kikomo, yaani daraja la nyota hafifu kabisa unayoiona kwa jicho bila darubini. Namba ikiwa ndogo, nyota ni angavu zaidi. IMO ina maeneo 30 ya anga yaliyochorwa kama pembetatu na pembenne. Unahesabu nyota zote ndani yake, pamoja na zile za pembeni zinazounda kona, kisha jedwali linakupa daraja. Ndiyo njia sahihi. Kwa kuamua tu kama usiku unafaa, tunatumia vipimo viwili vya haraka.

Jioni ya Juni, angalia Salibu, ule msalaba wa kusini. Nyota zake nne kubwa zina daraja 0.8, 1.3, 1.6 na 2.8. Ya tano, ndogo, iliyokaa kando kama kosa la mchoraji, ni 3.6. Usipoiona hiyo ya tano, funga mkeka.

Alfajiri ya Agosti, tumia Kilimia, nyota zile wazee wa Pwani walizopimia mvua na kilimo. Ukiona nyota sita, umefika daraja 4.3. Ya saba ni 5.1 na iko karibu mno na jirani yake, kwa hiyo kutoiona si ushahidi wa anga mbaya. Ukiiona, kaa usiondoke.

Daraja la kikomo hupimwa upya kila nusu saa na kila mtu kwa macho yake. Watazamaji wawili walioketi bega kwa bega wanaweza kupishana nusu daraja, na hilo si kosa la yeyote.

Wiki ya 4. Mazoezi ya kuhesabu

Vifaa: mkeka au kiti cha kujinyoosha, blanketi au mashuka mawili ya Kimasai (hata Juni hii baridi ya Arusha alfajiri inauma ukilala bila kujisogeza), dawa ya mbu, tochi iliyofungwa nailoni nyekundu mara mbili, simu moja ya kurekodi sauti. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Bodaboda moja ikipita na taa kali, muda huo unaanza karibu upya, ndiyo maana barabara inayopitika usiku haifai hata kama anga yake ni nzuri.

Lala ukitazama kimo cha nyuzi 50 hadi 60, na kitovu cha macho kiwe nyuzi 20 hadi 40 kutoka kwenye chimbuko. Usilikazie macho chimbuko lenyewe: vimondo vya karibu nalo ni vifupi na vigumu kuviona.

Kwa kila kimondo sema kwa sauti, kwa mpangilio uleule: mvua gani, daraja gani, kasi, mkia upo au haupo. Mfano: "Kapri, mbili, polepole, hakuna." (Kapri ni mvua ya Alfa-Kaprikonidi.) Kila dakika 15 taja saa. Asubuhi sauti inageuzwa kuwa maandishi. Anayeandika kwa kalamu usiku hupoteza sekunde kadhaa kwa kila kimondo akiwa ameinamisha kichwa, na sekunde hizo lazima zitolewe kwenye muda halisi wa kutazama. Zitoe pia dakika za kumwaga chai, kwenda msalani na kubishana na mbwa.

Daraja hukadiriwa kwa kulinganisha na nyota. Hizi tumekariri: Sirio −1.5, Alfa Kentauri −0.3, Vega 0.0, Antaresi na Spika 1.0, nyota tatu za mkanda wa Jabari karibu 2. Anayeanza huona kila kimondo kuwa angavu, kwa sababu hafifu zinampita. Ukiona orodha yake haina daraja la 4 wala la 5 chini ya anga ya daraja 6, mwambie aendelee na mazoezi.

Kosa la kundi ni moja, na ni gumu kuliua kwa sababu linafurahisha: "Kile pale!" Mmoja akipiga kelele, wengine wanageuka, wanaona mkia uliobaki, wanahesabu. Rekodi sita zinakuwa nakala moja yenye kelele sita. Kila mtu ahesabu alichoona mwenyewe kabla ya kusikia, na jumla ya kundi isitumwe popote. Fomu ni ya mtu mmoja.

Kugawa kimondo kwenye mvua yake: rudisha njia nyuma. Ikipita kwenye chimbuko, angalia mambo mawili zaidi. Urefu wa njia kwa kawaida hauzidi nusu ya umbali kutoka chimbuko hadi kilipoanzia. Na kasi ikubaliane: Alfa-Kaprikonidi wanaingia kwa kilomita 23 kwa sekunde na huonekana kama wanatembea, Perseidi, kilomita 59, hupita kama kiberiti kilichopigwa. Kisichokubali mvua yoyote ni cha kawaida, nacho kinaandikwa. Saa nzima yenye vimondo viwili vya kawaida na sifuri ya mvua ni rekodi kamili. Wengi hawaitumi kwa aibu, na hivyo kumbukumbu zinabaki na usiku mzuri tu.

Wiki ya 5. Hesabu

Idadi ghafi haiwezi kulinganishwa kati ya Arusha na mahali pengine. Inageuzwa kuwa ZHR: vimondo ambavyo mtu mmoja angeviona kwa saa kama chimbuko lingekuwa utosini na anga ingeonyesha hadi daraja 6.5.

ZHR = N × F × r^(6.5 − lm) ÷ (T × sin h)

N ni idadi ya vimondo vya mvua hiyo, T ni saa halisi za kutazama, h ni kimo cha chimbuko, lm ni daraja la kikomo. F ni 1 ÷ (1 − k), ambapo k ni sehemu ya eneo la macho iliyozibwa na wingu. r ni namba ya mvua yenyewe, yaani vimondo huongezeka mara ngapi kwa kila daraja moja hafifu zaidi: Geminidi 2.6, Perseidi 2.2.

Tuchukue mfano wa Geminidi: vimondo 20 kwa saa moja kamili, lm 5.6, chimbuko nyuzi 50, wingu asilimia 20. F ni 1.25, 2.6 kwa kipeo cha 0.9 ni 2.36, sin 50 ni 0.766. Jibu ni 77. Kosa la kitakwimu ni 77 ÷ √20, yaani karibu 17.

Sasa fanya hivyo ukiwa mjini, lm 4.0, anga bila wingu, umeona 6. Kipeo kinakuwa 2.5, kizidishi 10.9, jibu 85. Linapendeza, lakini kosa lake ni 35, na hiyo ni kabla ya kuuliza kama 4.0 ilikuwa 4.0 kweli. Ukikosea daraja la kikomo kwa 0.3 tu, jibu la Geminidi linaruka kwa theluthi moja. Ndiyo sababu tunasisitiza lm ya 5.5 au zaidi. Anga ya mjini si ya kuhesabia. Ni ya mazoezi na ya kamera.

Wiki ya 6. Kalenda

Kwa ufupi, saa za Kiswahili, kwa Arusha:

Eta-Akwaridi, kilele karibu 6 Mei, kilomita 66 kwa sekunde, vumbi la nyotamkia Halley. Chimbuko linachomoza karibu saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri liko kimo cha nyuzi 43. Ulaya wanaliona likiwa chini sana kabla ya mapambazuko. Hii ni mvua yetu. Tatizo ni masika.

Delta-Akwaridi wa Kusini na Alfa-Kaprikonidi, 30 Julai hivi. Akwaridi wanafika nyuzi 77 juu saa nane na dakika 45 usiku. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni 29 Julai, kwa hiyo kazi ifanyike wiki mbili kabla, katikati ya Julai, mvua ikiwa changa lakini anga nyeusi.

Perseidi, 12/13 Agosti. Chimbuko liko mbali kaskazini, halivuki nyuzi 28 kwetu, na kazi ni saa tisa hadi kumi na moja na robo. Picha za mitandaoni za ZHR 100 zigawe kwa mbili. Ila 2026 mwezi mpya ni 12 Agosti, siku ileile ya kupatwa kwa jua kunakoonekana Hispania, hivyo giza litakuwa kamili.

Orionidi, 21 Oktoba, Halley tena. Geminidi, 13/14 Desemba, ndio wakubwa: chimbuko linachomoza kabla ya saa tatu usiku na saa nane na nusu liko nyuzi 53. Chanzo chake si nyotamkia ya kawaida bali Phaethon, inayohesabiwa kuwa asteroidi.

Wiki ya 7 na ya 8. Kamera ya Arusha

Tumefuata muundo wa Global Meteor Network, kwa sababu programu yake, RMS, ni huru na rekodi zake zinaunganishwa na za nchi nyingine. Sehemu: bodi ya kamera yenye kihisi cha Sony IMX291, lenzi ya milimita 3.6 yenye f/0.95, boksi la chuma la kamera ya ulinzi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 (humu Pi), kadi ya kumbukumbu ya GB 128, kebo ya mtandao ya nje inayobeba pia umeme. Uwanja wa kuona ni kama nyuzi 88 kwa 48.

Ondoa kichujio cha infraredi mbele ya kihisi. Kikibaki kinakula mwanga. Ukishakitoa, fokasi ya mchana haina maana tena, maana mwanga wa infraredi hukutana mahali tofauti kidogo. Fokasi ifanywe usiku kwa nyota: zungusha lenzi hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, pita kidogo, rudi. Uzi wa lenzi uzungushiwe tepu nyeupe ya fundi bomba kabla ya kuifunga, la sivyo joto la mchana linailegeza.

Taa za infraredi za boksi zitolewe kabisa. Zikibaki zinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui na mjusi, na mjusi aliyelala juu ya kioo ana umbo ambalo hakuna programu inayoliona kuwa nyota. Matundu yote ya kebo yazibwe kwa silikoni: sisimizi wa Arusha hupenda boksi lenye joto. Ndani weka vipakiti vya silika, kwa sababu umande wa alfajiri huganda upande wa ndani wa kioo. Dirisha liwe la kioo. Plastiki ya uwazi huwa njano kwa jua la ikweta.

Mipangilio ya kamera: nyeusi na nyeupe, fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ifunguliwe milisekunde 40 zote, na kila kitu cha kujirekebisha chenyewe kizimwe. RMS inakunja fremu 256, yaani sekunde 10.24, kuwa faili moja. Saa kumi za usiku ni faili zipatazo 3,500. Ndiyo maana kadi ndogo inajaa mapema, lakini kinachotumwa ni faili zenye vimondo tu, na bando la kawaida la mwezi linaweza kulibeba.

Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, kadi huharibika na usiku mzima unapotea. Pi na kamera kwa pamoja zinakula kama wati 12. Saa 12 ni Wh 144. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 26 ina Wh 312, na ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo inatosha kwa usiku mmoja bila ziada. Mwenye uwezo achukue kubwa zaidi. Kebo inayotoka paani ikatishwe na kinga ya radi kabla ya kuingia ndani, na boksi lifungwe waya wa ethi. Mvua za vuli Arusha huja na radi za kutosha.

Kwenye faili la mipangilio, kosa lililotugharimu siku mbili: latitudo ya Arusha ni hasi. Ukiandika 3.4 bila alama ya kutoa, programu inatafuta nyota za mahali pengine kaskazini mwa ikweta, na ulinganisho wa nyota za picha na za ramani ya anga unakataa bila kueleza sababu. Longitudo ya mashariki ni chanya. Andika desimali tano. Ya tano ni kama mita moja.

Wiki ya 9. Kuelekeza

Kati ya Arusha na Moshi kuna kilomita 73 kwa mstari wa moja kwa moja, umbali mzuri. Zikiwa karibu mno, mistari miwili inakuwa karibu sambamba na kimo cha kimondo hakipimiki.

Kamera zote mbili lazima zitazame sehemu ileile ya anga kwenye kimo cha kilomita 95, si mwelekeo uleule. Tumechagua nukta juu ya nyika za Simanjiro, kilomita 75 kusini mwa katikati ya mstari wa miji hii: milima inakuwa nyuma, na chini yake hakuna mji mkubwa. Kutoka Arusha nukta hiyo iko umbali wa kilomita 83 kwa ardhi. Azimuthi, ikihesabiwa kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa, ni 154. Kimo ni karibu nyuzi 48. Moshi ni kioo chake: azimuthi 206, kimo kilekile. Mistari inakutana kwa pembe ya karibu nyuzi 34, ambayo inatosha sana.

Dira ya simu karibu na boksi la chuma na paa la bati hudanganya hadi nyuzi kumi. Funga kamera kwa makadirio, piga picha ya nyota, acha programu ikuambie inatazama wapi, kisha sogeza. Baada ya kukaza nati, fanya ulinganisho wa mwisho kwa nyota 40 au zaidi zilizosambaa hadi pembeni. Nyota za katikati pekee hutoa matokeo mazuri katikati na uongo pembeni. Lengo ni kosa la wastani chini ya nusu pikseli. Pikseli moja ni kama nyuzi 0.07, sawa na mita 150 kwenye umbali wa kilomita 126 uliopo hadi nukta yetu.

Na saa imerudi. Kimondo cha kilomita 60 kwa sekunde kinakwenda kilomita 2.4 ndani ya fremu moja. Pi inachukua saa kwa NTP, yaani kutoka kwenye seva za saa za mtandaoni. Kupitia mtandao wa simu wenye kusitasita, kosa linaweza kukaribia fremu nzima. Programu ya kukokotoa njia hurekebisha tofauti ndogo kati ya vituo, lakini hairekebishi Pi iliyowaka bila intaneti ikadhani bado ni jana. Kipokezi kidogo cha GPS kinamaliza tatizo hilo.

Wiki ya 10. Kuchuja

Kamera ya Arusha inanasa kila kinachosogea: ndege zinazoingia KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), setilaiti, popo, kimulimuli, radi za mbali. Kinachotenganisha ni kasi ya pembe. Kituo cha anga cha kimataifa kinakwenda karibu nyuzi moja kwa sekunde. Geminidi aliye kilomita 100 kutoka kwako, akipita kukukata, anakwenda nyuzi 20 kwa sekunde. Ndege inapepesa na inarudi kwenye faili inayofuata. Kimulimuli hupinda, kimondo hakipindi. Popo ni mpana na hana mwanzo wala mwisho mkali.

Mpira wa moto, yaani kimondo cha daraja −4 au angavu zaidi, hushughulikiwa tofauti. Waliouona kwa macho waandike papo hapo saa, sekunde ulizodumu, azimuthi na kimo pale ulipoanza na ulipozimika, kabla ya kusimuliana. Kisha wakae kimya dakika tano. Sauti kutoka kilomita 30 juu huchukua dakika moja na nusu kufika, na mlio uliosikika pamoja na mwanga haukuwa wake kwa njia ya kawaida ya sauti.

Hali kufikia sasa

Fomu za macho zinajazwa kwa UTC na tarehe mbili. Arusha inarekodi. Moshi: boksi limefungwa, ulinganisho wa nyota haujakubali kwa sababu ya mawingu, unahitaji saa moja tu ya anga wazi. Kabla ya 12 Agosti: kioo cha Moshi kifutwe vumbi, GPS iwekwe Arusha kwanza, na fomu 20 zichapishwe zikiwa na kanuni ya "ongeza 15" juu kabisa.